Thailand Haimpi Mgeni Jembe

Tangu mwishoni mwa mwaka 2025, wageni wanaoishi Thailand wana wimbo mmoja: nchi imetubadilikia. Maofisa wa uhamiaji wa viwanja vya ndege na mipakani wameanza kuwarudisha watu waliozoea kutoka leo na kuingia kesho kwa msamaha wa viza. Benki zimekuwa ngumu kumfungulia akaunti mtu asiye na kibali cha kazi wala viza ya muda mrefu, na bila akaunti huwezi kulipa kwa kuskani, wakati siku hizi hata muuza ndizi za kuchoma amebandika msimbo wake kwenye mkokoteni. Kuanzia tarehe 1 Mei 2025 kila mgeni anajaza kadi ya kidijitali kabla hajatua. Na zile siku 60 za kuingia bila viza, walizopewa raia wa nchi 93 mwezi Julai 2024, serikali yenyewe ilishasema tangu Machi 2025 kwamba inataka zirudi kuwa 30. Mtu akiyajumlisha haya anajikuta amefika kwenye jibu bila jasho: Wathai wamewachoka wageni, mlango unafungwa.

Naona jibu hilo limekosea, na limekosea kwa namna yenye madhara. Thailand haijabadilika. Masharti ni yale yale ya miaka yote, ila sasa yanatekelezwa, na anayeyatekeleza ni kompyuta isiyochoka wala kuona haya. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wathai wamejenga dola yao juu ya kanuni iliyo kinyume na hiyo: mgeni, kaa hata miaka thelathini, kula, lipa, oa, zeeka hapahapa, lakini jembe usiliguse. Asiyelijua hilo atausoma ukali wa sasa kama chuki, atapiga kelele kuhusu foleni na fomu, na lile lenye kasoro ya kweli litampita. Kasoro hiyo ni kwamba katika nchi hii miaka ya mgeni haihesabiwi. Wa mwaka wa ishirini na wa mwaka wa kwanza wanasimama foleni moja, na bahasha zao zina karatasi zilezile.

Tuanze na karatasi hizo, maana ndizo maisha yenyewe. Sheria ya uhamiaji inayotumika ni ya mwaka 1979. Humo ndimo ilimotoka kanuni ya kuripoti makazi kila baada ya siku 90, na ile inayomtaka mwenye nyumba kutoa taarifa ndani ya saa 24 kila anapompokea mgeni, kwa fomu ambayo kila mpangaji wa kigeni anaijua kwa jina la TM30. Kwa miaka mingi kanuni hii ya pili ililala. Wenye nyumba wengine hawakuijua. Wengine waliijua vizuri sana, lakini kuijaza ni kukiri kwa maandishi kwamba unapokea kodi ya pango ambayo watu wa mapato hawajawahi kuisikia. Mnamo 2019 ofisi nyingi zilipoanza kuidai, wageni walishtuka kana kwamba imetungwa juzi. Ndivyo ilivyo pia kwa muda wa kuishi. Mstaafu mwenye miaka 50 au zaidi anaonyesha baht 800,000 benki, au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi. Aliyeoa Mthai anaonyesha 400,000, au 40,000 kwa mwezi. Wote wawili wanapewa mwaka mmoja, na ukiisha wanaanza upya: nakala za pasipoti zenye saini kila ukurasa, barua ya benki ambayo wino wake haujakauka, ramani ya kuchora ya njia ya kufika nyumbani, na kwa wanandoa, picha za mume na mke wakiwa sebuleni na mbele ya namba ya nyumba. Nimewahi kusimama nyuma ya mzee wa Kizungu na mkewe wa Kithai waliokuwa wakizipanga picha hizo kwenye kaunta. Katika mojawapo wamekaa kwenye kochi, mjukuu katikati. Ofisa aliigonga muhuri bila kuinua macho. Hakuwa mkali hata kidogo. Alikuwa anathibitisha kwa mara nyingine kwamba ndoa hiyo ipo.

Ugumu huu una historia, na wageni wengi hawaijui kwa sababu haimo kwenye vipeperushi vya utalii. Siam, kama Thailand ilivyoitwa zamani, haikutawaliwa na Mzungu, lakini ililipia bei. Mkataba wa Bowring wa mwaka 1855 na Waingereza, na mingine iliyofuata na mataifa mengine, ulimruhusu mgeni kukaa, kufanya biashara na kumiliki ardhi katika eneo la Bangkok na kando yake, na akikosea ashtakiwe mbele ya konseli wake, asiguswe na hakimu wa Kithai. Msomaji wa Zanzibar analijua jambo hili, maana Sayyid Said alitia saini mikataba ya aina hiyo na Wamarekani mwaka 1833 na Waingereza mwaka 1839. Siam ilihangaika hadi 1937 na 1938 kuifuta kabisa mikataba yenye kinga hizo. Wakati huohuo kulikuwa na Wachina, waliofika kwa meli kwa mamia ya maelfu, wakashika viwanda vya kukoboa mpunga, maduka na vibarua vya mjini. Serikali ya waziri mkuu Phibun ilipoamua mwaka 1942 kutenga kazi kadhaa kwa ajili ya Wathai peke yao, iliyokuwa akilini mwake ni jamii hiyo. Sheria ya ardhi ya 1954 ikaacha mwanya kwa wageni wenye mkataba, na mwanya huo ukazibwa mwaka 1970 mikataba ilipokoma. Kwa hiyo anayekasirika leo kwamba hawezi kuandikisha kiwanja kwa jina lake, bali fleti tu, tena katika jengo ambalo wageni hawazidi asilimia 49, anapambana na kumbukumbu ya watu waliowahi kuishi na wageni wenye haki kuliko wenyeji. Kumbukumbu hiyo haipotei kwa sababu Mzungu wa sasa ana adabu na amejifunza kuvua viatu mlangoni.

Orodha ya kazi zilizokatazwa ipo mpaka leo. Ya 1979 ilikuwa na kazi 39. Mwaka 2020 ikapangwa upya, zikawa 40 baada ya kuongezwa uchuaji wa Kithai. Kazi 27 kati yake hazina mjadala kabisa, na ukizipitia utaona ni kazi za mtu wa kawaida: kunyoa na kutengeneza nywele, kuendesha gari, kuongoza watalii, kuchuuza barabarani, ukarani. Kampuni inayotaka kumwajiri mgeni kwenye kazi isiyokatazwa kwa kawaida huonyesha mtaji wa baht milioni 2 na Wathai wanne kwenye orodha ya mishahara kwa kila mgeni mmoja. Hapo ndipo wageni wanapogawanyika makundi ambayo katika mazungumzo ya mtandaoni huchanganywa kama chungu kimoja. Lipo kundi la wastaafu na wanaofanya kazi za mbali kwa kompyuta, wale waliowekewa viza ya DTV mwaka 2024, ya miaka mitano, kwa kuonyesha baht 500,000. Hawa ni wageni kamili, na hawapewi jembe. Lipo kundi la Wamyanmar, Walao na Wakambodia, takriban milioni tatu au zaidi kwa hesabu ya waliosajiliwa, wanaojenga maghorofa, kumenya kamba viwandani na kuvuna matunda. Wao wamepewa jembe tangu siku ya kwanza, ila ugeni hawakupewa: hakuna anayewaita wakazi wa kigeni, wala hawamo kwenye picha anayoiona msomaji akisikia maneno hayo. Halafu tupo wengine, wa katikati. Walimu wa Kiingereza kutoka Kampala na Nairobi walioko mikoani, wanaokuja kununua mzigo wa nguo katika soko la Pratunam, Bangkok, wachezaji wa mpira, wanafunzi, madalali wa vito wanaofuata soko la Chanthaburi, ambako yakuti za Tunduru na Songea zimekuwa zikichomwa na kukatwa tangu miaka ya 1990. Hatuna akiba ya mstaafu, na hatumo kwenye makubaliano ya ajira ya nchi jirani. Sheria haikututungia mahali, na ukali wa sasa unatufikia kwanza.

Nitatoa mfano mmoja tu. Upande wa Ramkhamhaeng, Bangkok, ambako Waafrika wengi wamepanga vyumba, kuna dada mmoja kutoka Uganda anayesuka. Rasta anazinunua Pratunam kwa jumla, kiti ni kile cha plastiki, feni iko miguuni, na bei yake iko chini ya nusu ya saluni yoyote ya mjini inayojua nywele zetu, nazo zinahesabika kwa vidole. Kwenye jengo lake, kama kwingine kote hapa, viatu huachwa nje ya mlango. Yeye huwaambia wateja wake waingie navyo ndani, wavipange chini ya sinki, kwa sababu jozi sita mlangoni kwa mtu anayeishi peke yake ni tangazo la biashara. Majirani Wathai wanajua. Mama wa chumba cha pili humletea wali wa kunata na embe, na humwonya wakaguzi wakionekana chini. Hakuna Mthai aliyepoteza riziki kwa kazi hiyo, maana hakuna Mthai katika mtaa ule anayeweza kuifanya. Lakini akikamatwa, faini ni kuanzia baht 5,000 hadi 50,000, na baada ya faini ni ndege. Mama wa jirani hawezi kumsaidia kitu hapo. Undugu wa ukumbini na sheria ya mezani havikutani mahali popote, na mtu anayeusifu ukarimu wa Wathai na mtu anayelalamikia ukali wao wote wanasema kweli, ila wanaongelea vyumba tofauti.

Sasa hoja. Iliyo dhaifu kuliko zote, na inayosikika kuliko zote, ni ya fedha: tunaleta pesa, wakitufukuza uchumi wao utayumba. Inasemwa sana na wastaafu, na inasemwa kwa hasira ya mtu anayeamini kwamba anadaiwa shukrani. Mwaka 2024 Thailand ilipokea watalii zaidi ya milioni 35, na kabla ya korona, mwaka 2019, walikaribia milioni 40. Mtalii wa wiki mbili analala hotelini, anapanda boti, anakula mara tatu nje, anaondoka. Anayekaa miaka kumi amepanga nyumba kijijini Isan, kaskazini-mashariki mwa nchi, anapika mwenyewe, anajua bia inauzwa wapi kwa bei ya mwenyeji. Anachangia, sikatai, na familia moja moja zinamtegemea kwelikweli. Lakini hakuna waziri wa fedha atakayekosa usingizi kwa ajili yake. Kisha hoja hiyo inamgeukia mwenye kuitoa: kama haki yako ya kukaa imetokana na pesa unayoleta, basi siku wakipata mwenye pesa zaidi hauna neno. Ndicho kilichotokea. Viza za watu wenye uwezo zimeongezwa katika miaka hiihii wanayodai mlango unafungwa.

Upande wa pili wapo Wathai wanaosema wageni wanainunua nchi chinichini. Hoja yao ina uzito zaidi kuliko wageni wanavyotaka kukubali. Sheria ya biashara za wageni ya 1999 inataka biashara nyingi ziwe na Wathai kwenye hisa nyingi, na mbinu ya kuikwepa inajulikana na kila mtu: unaazima majina. Dereva au katibu muhtasi anakutwa kwenye nyaraka kuwa mmiliki wa asilimia 51 ya kampuni yenye majumba ya kifahari Phuket au Ko Samui ambayo hajawahi kuyaingia. Machi 2024 wenyeji wa Phuket waliandamana katika ufukwe wa Yamu baada ya daktari wa Kithai kudai kwamba alishambuliwa na mgeni alipokuwa amekaa kwenye ngazi za jumba alilopanga mgeni huyo. Kilichowachoma wengi, zaidi hata ya madai ya shambulio, ni kugundulika kwamba ngazi zenyewe zilikuwa zimejengwa juu ya ardhi ya umma. Watu walikuwa wanadai pwani yao. Ni hasira ileile iliyoifanya serikali mwezi Novemba 2022 kuondoa mpango wake wa kumruhusu mgeni mwenye uwekezaji wa baht milioni 40 kumiliki rai moja ya ardhi, yaani mita za mraba 1,600, wiki mbili hivi baada ya baraza la mawaziri kuukubali. Wanapokosea wazalendo hawa ni pale wanapomwona mgeni peke yake. Jina haliazimwi bila mwenye jina, na karatasi hazijiandiki. Nyuma ya kila kampuni ya aina hiyo yupo mwanasheria wa Kithai na mhasibu wa Kithai waliolipwa vizuri. Msako unaomkuta mchuuzi wa kigeni na kumwacha mhasibu ni maonyesho.

Hoja ya tatu ni ya rangi, na sitaipita kwa haraka kwa kuwa inatugusa. Ni kweli kwamba katika shule nyingi mwalimu kutoka Afrika Mashariki hulipwa chini ya Mzungu mwenye cheti kilekile, na matangazo mengine ya kazi hayafichi. Ni kweli kwamba kwenye uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, kijana wetu huhojiwa zaidi. Hapo lakini kuna jambo jingine la kuweka mezani. Kwa miaka kadhaa sasa vijana wa Kenya, Uganda, Tanzania na Ethiopia wamekuwa wakiahidiwa kazi nzuri Bangkok, wakifika wanapakiwa magari hadi Mae Sot, wanavushwa mto kuingia Myawaddy upande wa Myanmar, na huko hufungiwa kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni. Februari 2025 Thailand ilikata umeme wa maeneo hayo ya mpakani, na maelfu wakatolewa, wakiwemo wa kwetu. Ofisa anayemuuliza msichana wa miaka ishirini na mbili anafikia kwa nani huenda ana ubaguzi, huenda anamwokoa, na mara nyingi yote mawili yamo katika swali hilohilo. Ninachopinga ni kuifanya rangi kuwa ufunguo wa kila kitu. Mkambodia hana tofauti ya rangi na Mthai wa Surin, mkoa wa mpakani, wengine wanasema hata lugha moja, na hali yake kisheria ni mbaya kuliko ya Mjerumani yeyote. Mstari uliochorwa ni wa uraia kwanza, kisha mfuko, ndipo rangi inafuata.

Kabla hatujawanyooshea kidole, tujitazame. Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara wa Tanzania wakati huo, Selemani Jafo, alitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Zimo saluni, utengenezaji wa simu, uwakala wa kutuma fedha, uongozaji watalii. Kariakoo ilishangilia, na kwa sababu zinazoeleweka: mfanyabiashara mdogo alikuwa anashindana na mtu anayeleta mzigo moja kwa moja kutoka kiwandani China. Wakenya ndio walionung'unika, wakikumbusha makubaliano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Iweke orodha hiyo kando ya ile ya Bangkok, utaona saluni na uongozaji watalii zimo kote kuwili. Ardhi nayo, sheria yetu ya 1999 haimpi asiye raia isipokuwa kwa uwekezaji. Mtanzania aliyeshangilia amri ya Jafo hana msingi wa kuiita Thailand nchi ya wabaguzi kwa sababu ya kazi 40. Anaweza kusema orodha zote mbili zina kasoro, na hapo tutaelewana, maana zote zinamzuia msusi na kinyozi huku mwenye mtaji mkubwa akipitia mlango wa uwekezaji.

Kasoro ya Thailand nimeitaja mapema, na sasa niifungue. Kisheria upo ukaazi wa kudumu, na kila taifa lina nafasi 100 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo Mtanzania au Mkenya ana bahati kuliko Mchina au Mhindi, kwani sisi hatufiki mia. Lakini mwombaji lazima awe amekaa miaka mitatu mfululizo kwa viza za aina fulani, kwa kawaida akiwa na kibali cha kazi na kodi iliyolipwa ya kueleweka, ajibu maswali kwa Kithai, na akikubaliwa alipe kiasi kisichopungua baht 190,000 kama hana familia ya Kithai. Mstaafu aliyekaa miaka ishirini hawezi hata kuomba, kwa kuwa miaka ya kustaafu haihesabiwi. Mwalimu wa mkoani ambaye shule humkatishia mkataba kila Machi, ili isimlipe likizo ndefu ya Aprili, anavunjiwa mfululizo wake kila mwaka. Mmyanmar wa kiwandani hakuwekewa njia hiyo kabisa. Na tangu Januari 2024 mamlaka ya mapato inatafsiri sheria kwamba anayekaa siku 180 au zaidi kwa mwaka analipa kodi ya kipato cha nje anachokiingiza nchini. Mbele ya mtoza kodi siku zinahesabiwa. Mbele ya uhamiaji hazihesabiwi. Ukweli unanidai niseme pia kwamba mwajiriwa mwenye kibali hukatwa hifadhi ya jamii asilimia tano, kwa miaka mingi isiyozidi baht 750 kwa mwezi, na akiugua hutibiwa kwenye hospitali yake ya kusajiliwa kama Mthai mwenzake. Na tangu uamuzi wa baraza la mawaziri wa mwaka 2005, mtoto yeyote anaweza kusoma shule ya serikali, awe na karatasi au hana. Nchi nyingi zinazojisifu kwa haki za binadamu hazijafika hapo. Haki hizi zimetolewa moja moja, kwa uamuzi huu na ule, na nyingine hutegemea ofisa uliyemkuta siku hiyo ameamkaje. Hazijengi ngazi.

Itabidi zijenge, na msukumo hautatoka kwetu. Watoto waliozaliwa Thailand mwaka 2024 hawakufika 500,000, katika nchi ya watu milioni 66 hivi ambako mmoja kati ya watano ameshapita miaka 60. Vita vya mpakani vya Julai 2025 vilipowafanya Wakambodia kurudi kwao kwa mamia ya maelfu, mashamba ya matunda na maeneo ya ujenzi yaliachwa bila watu, na walioenda kupiga hodi serikalini walikuwa waajiri wa Kithai. Mwezi uliofuata serikali iliamua kuwaruhusu wakimbizi wa Myanmar walioko kwenye kambi za mpakani kufanya kazi kihalali. Baadhi yao walikuwa kwenye kambi hizo tangu miaka ya 1980, na kwa miaka yote hiyo mashirika ya haki yaliwaombea bila mafanikio. Msimu mmoja wa mavuno ulitosha. Na Oktoba 2024 baraza la mawaziri lilishakubali kuharakisha ukaazi na uraia kwa watu wapatao 483,000 wa makabila ya milimani na wengine waliokaa muda mrefu pamoja na watoto wao, uamuzi unaoonyesha kwamba dola hii inajua kuhesabu miaka ikitaka.

Wanaofuata kwenye foleni ni watoto wa Mahachai, mji wa viwanda vya samaki nje kidogo ya Bangkok, waliozaliwa na wazazi wa Myanmar na kusoma shule za serikali chini ya uamuzi ule wa 2005. Wanaimba wimbo wa taifa saa mbili asubuhi, Kithai chao hakina lafudhi, na wakifika miaka kumi na minane wanachoweza kuomba ni kibali cha kibarua kama cha baba yao. Kama Thailand italegeza popote, italegeza hapo kwanza, kwa kuwa hapo ndipo viwanda vinapoumia. Walimu, madalali wa vito na wasusi tutakuja nyuma yao, na wastaafu wenye baht 800,000 nyuma yetu. Sioni sababu ya kuulalamikia mpangilio huo. Ila anayepanga kuja huku kutoka Dar es Salaam au Mombasa asiulize viza inatoka kwa siku ngapi. Aulize ni nani atamwombea kibali cha kazi, kwa kazi ipi kati ya zile zisizokatazwa, na mkataba unamalizika mwezi gani.